Mzinga wa Mcheri

SEHEMU YA KWANZA

Mteja anayetaka pipa hagongi mlango kwa kucha, wala haji wakati mbwa wamekwisha lala. Babu aliposikia mkwaruzo ule hakuuliza ni nani. Alipuliza taa ikazimika, ndipo akavuta komeo.

Waliingia watatu. Wawili aliwafahamu tangu walipokuwa wakiogelea uchi katika mto Topolnitsa. Wa tatu alikuwa mjukuu wake mwenyewe, kijana wa miaka 16, ambaye kwa hesabu za Babu alikuwa amelala ghorofani tangu saa mbili usiku.

"Wewe nawe umetokea wapi?"

"Babu, usikasirike. Tuna haja na mti."

"Mti wa nini?"

Kijana akawatazama wenzake. Yule mwenye ndevu akajibu badala yake, kwa sauti ya chini: "Wa mzinga, mzee wetu."

Babu alicheka mpaka akatafuta kiti.

Tuko mwaka 1876, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, katika mji wa Koprivshtitsa, juu kwenye milima ya Sredna Gora nchini Bulgaria. Wabulgaria walikuwa wametawaliwa na masultani wa Waosmani kwa takriban karne tano. Mji wenyewe haukuwa wa mafukara, na jambo hili msomaji alishike, maana kisa chote kinazunguka hapo. Matajiri wake waliuza sufu na mifugo hadi Istanbul, wengine wakafika Misri, na fedha walizopata zikageuka majumba ya kuta za samawati na dari za mbao zilizonakshiwa. Mwenye dari ya namna hiyo hulala chali akiitazama. Ukimtajia uasi, kitu cha kwanza anachokiona ni moto.

Hata hivyo kamati za siri zilikuwa zimeenea, na vijana walikuwa wakila kiapo juu ya Injili, jambia na bastola. Walichokosa ni silaha. Bunduki zao nyingi zilikuwa gobori za kuwindia, na upande wa pili Sultani alikuwa na mizinga ya chuma cha pua kutoka kiwanda cha Krupp, Ujerumani. Kuununua mzinga haikuwezekana, kwa kuwa haufichiki chini ya marobota ya sufu. Kuuyeyusha wa bronzi kulitaka tanuri, kalibu, shaba, bati na fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Ikabaki miti.

Usicheke pamoja na Babu, msomaji. Mfalme Gustavus Adolphus wa Sweden, ambaye hakuwa mtu wa mzaha vitani, aliwahi kupeleka Poland mizinga ya ngozi katika miaka ya 1620: bomba jembamba la shaba, likazungushiwa kamba, likavikwa ngozi juu. Ilikuwa myepesi kuvuta, ila ilipata moto upesi mno. Na huko Marekani, Desemba 1780, Kanali William Washington aliuzingira ua wa watu waliomtii mfalme wa Uingereza bila kuwa na mzinga hata mmoja. Akachonga gogo la msonobari, akalielekeza langoni, akatuma mjumbe kudai wasalimu amri. Watu zaidi ya 100 walitoka mikono juu, hawakupigwa hata risasi moja. Mzinga hufanya nusu ya kazi yake kabla ya kulia.

Babu hakuyajua hayo. Yeye alijua mbao. Alipomaliza kucheka aliokota ubao wa pipa, akaukanyaga ncha moja, ukapasuka kwa urefu, wima kabisa.

"Mmeona? Mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Baruti haisukumi mbele peke yake, inasukuma pande zote. Risasi ikikawia kutoka, gogo linafunguka, na utakayefunguka nalo ni wewe uliyesimama ubavuni umeshika utambi."

"Ndiyo sababu tumekuja kwako," akasema mwenye ndevu. "Nani mwingine mjini anajua kuufunga mti kwa chuma?"

Hapo walimpata. Miaka 50 mzee yule alikuwa akivisha mapipa pete za chuma zilizoiva kwa moto, akizimwagia maji ili zinywee na kuung'ata ubao. Alijua divai inayochacha inavyosukuma, na alijua pete ipi itaikatalia. Akaanza kuzungumza peke yake, kama wafanyavyo mafundi. Mwaloni una nguvu lakini ukipata ufa hauna haya. Msonobari ni laini. Mcheri ndio mti, nyuzi zake zimekumbatiana, hauachani kirahisi. Ila uwe umenyooka, usiwe na vifundo, na unene wake usiwe wa kukumbatiwa na mtoto.

Akanyamaza ghafla. Wote wanne walikuwa wanajua ulipo mcheri wa namna hiyo. Ulikuwa uani, hatua chache kutoka mlango wa karakana. Babu aliupanda siku mkewe alipojifungua binti yao wa kwanza. Binti huyo alikua, akaolewa, akazaa mtoto mmoja wa kiume, akafa. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesimama pale na viatu vilivyolowa theluji.

"Ni mti wa mama yako," Babu akasema.

"Ndiyo, Babu. Naujua."

Waliukata alfajiri, kabla jua halijafika bondeni. Matawi yalikuwa yamejaa vichipukizi vilivyofumba. Msumeno wa watu wawili uliingia kwa urahisi upande mmoja, upande wa pili ukawa unanasa kwa utomvu, Babu akawa anaupaka mafuta ya kondoo bila kusema neno. Mti ulipoanguka ulitikisa madirisha ya jirani.

Vumbi la mbao halijatua, lango la ua likafunguliwa. Alikuwa Mjomba, yaani mwana wa kiume wa Babu, mfanyabiashara wa sufu, kofia nyekundu kichwani na koti lenye manyoya. Nyuma yake walisimama askari wawili wa Sultani waliokuwa wakikusanya kodi mtaani. Mmoja wao alipita mbele, akaweka kiatu chake juu ya gogo.

Mjomba akalitazama gogo kuanzia shina hadi ncha. Kisha akamtazama baba yake.

"Baba," akasema taratibu, "ni pipa gani hili lisilo na tumbo?"

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Mcheri umelala uani, askari ameukanyaga, na Mjomba anadai jibu. SASA ENDELEA.

"Bomba," Babu akajibu.

Lilikuwa jibu jema kuliko alivyotarajia mwenyewe. Mji ule una chemchemi za mawe karibu kila mtaa, na magogo yaliyotobolewa kwa keekee ndefu ndiyo yaliyokuwa mabomba ya kufikishia maji. Askari akapiga gogo kwa kisigino. Akauliza mbona bomba nene hivi. Babu akasema maji ya kutoka mlimani yana nguvu. Askari akauliza nani ameagiza.

Kwa hilo Babu hakuwa na jibu. Kijana aliona kidole gumba cha Babu kikisugua mpini wa shoka.

"Nimeagiza mimi," akasema Mjomba. "Chemchemi ya mtaa wa juu inavuja tangu Krismasi. Twendeni, chai itapoa."

Akawatoa nje na kufunga lango bila kugeuka.

Kijana hakulala siku hiyo kwa kujiuliza. Mjomba ndiye aliyekuwa akiwaita watu wa kamati vichaa wanaocheza na viberiti ghalani. Ndiye aliyekuwa akila meza moja na maofisa kutoka mji wa Plovdiv. Usiku wa pili yake alikuja peke yake kwa mlango wa nyuma, akaweka mfuko juu ya meza ya kazi. Sarafu ziligongana ndani.

"Za baruti," akasema. "Mimi sikuja hapa. Na jina langu lisiandikwe popote. Mpwa wangu, umenisikia? Popote."

"Nimesikia, Mjomba."

Alisikia, lakini aliandika. Kijana ndiye aliyekuwa mtunza hesabu wa kamati kwa sababu ya mwandiko wake mzuri wa shuleni, na aliamini kwa moyo safi kabisa kwamba siku ya uhuru watu watataka kujua nani alitoa nini. Akaongeza mstari mmoja kwenye karatasi yake: jina, na kiasi. Akaikunja, akaificha nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola. Nimewahi kuona watu wakiponzwa na uongo wao. Huyu aliponzwa na unadhifu.

Kazi ikaanza. Gogo lilikatwa vipande viwili, kila kimoja urefu wa mtu mzima. Cha kwanza wakakifunga juu ya vigari vya mbao, na keekee ikaanza kuzunguka, watu wawili kwa zamu, ikitoa maranda mekundu yenye harufu ya lozi chungu. Ugumu haukuwa kutoboa, ulikuwa kutoboa katikati. Tundu likipinda hata upana wa kidole, ukuta wa upande mmoja unakuwa mwembamba, na baruti haihitaji kuonyeshwa mahali penye udhaifu. Kila baada ya shubiri moja Babu alisimamisha kazi, akachomeka fimbo iliyonyooka, akafumba jicho moja.

Pete zilitengenezwa na mhunzi wa mtaa wa pili, aliyeambiwa ni za bomba na ambaye hakuuliza bomba gani linavaa pete 8. Zilivishwa zikiwa nyekundu. Ubao ulifuka moshi, maji yakamwagwa, na chuma kikalia kikijibana. Nyuma kabisa, ambapo baruti ingekaa, waliacha mti mzima bila kutobolewa, wakachimba tundu dogo la kuwashia kwa msumari wa moto.

Risasi zilikuwa mawe ya mizani. Maduka ya Koprivshtitsa yalikuwa na mawe ya chuma ya kila uzito, na wiki hiyo sufu nyingi ilipimwa kwa macho.

Walikwenda kuujaribu juu msituni siku ya mvua, ili mlio ufikiriwe radi. Watu saba, ng'ombe wawili, mkokoteni mmoja. Mzinga ulilazwa juu ya mawe ukielekezwa kwenye mti mkavu. Baruti, kizibo cha matambara, jiwe la mizani, kizibo kingine, vikashindiliwa kwa mpini wa jembe. Mwenye ndevu akataka wote wapige magoti waombe. Babu akasema wakapigie magoti nyuma ya mwamba.

Utambi uliwashwa. Wakauona moshi mwembamba ukitambaa juu ya gogo, ukafika tunduni, ukaingia.

Kimya.

Matone ya mvua yaliendelea kuanguka kwenye majani. Mmoja wao alianza kuhesabu kwa sauti, akafika 30, akaacha. Mwenye ndevu akaguna kwamba baruti imelowa, kwamba muuzaji amewaibia. Wengine wakaanza kunyanyuka, wakikung'uta matope magotini.

"Kaeni chini!" Babu akasema. "Baruti iliyolowa haifi, inalala."

Aliposema hivyo aligeuza kichwa kuwahesabu, na alihesabu watano. Mjukuu wake alikuwa ameshatoka nyuma ya mwamba. Alikuwa ameuinamia mzinga, uso wake juu ya lile tundu, akipuliza.

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Utambi umezama ndani ya mzinga na haukulia. Kijana anaupulizia. SASA ENDELEA.

Mzee wa miaka 70 hakimbii, lakini Babu alikimbia. Alimkamata mjukuu wake kiunoni wakaanguka pamoja ubavuni mwa mtaro, na hapo ndipo mzinga ulipoamka.

Haukulia kama mzinga. Ulipasuka kwa mkwaruzo, kama mlango mkubwa unaong'olewa bawabani. Pete mbili za mbele ziliruka juu ya miti. Kipande cha mti chenye urefu wa mkono kilichomeka kwenye mwamba walipokuwa wamejificha wenzao. Jiwe la mizani lenyewe lilidondoka hatua chache mbele, halina hata mkwaruzo. Babu aliinuka akiwa amepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto na sikio moja lisilosikia tena, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Leteni vipande."

Alivipanga mezani usiku ule huku mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Ndani ya tundu mti ulikuwa mweusi, lakini chini ya weusi ulikuwa umelowa na kutoa povu. Ulikatwa mbichi, utomvu ukiwa unapanda. Moto wa baruti ulichemsha maji yaliyokuwa ndani ya ubao, na gesi zikapenya kwenye nyufa zake. Pete hazikuwa na kosa. Mti ulihitaji kuwekewa kitu kati yake na moto.

"Shaba," Babu akasema. "Bomba la shaba, nene, lisilo na kovu."

Kaskazini-mashariki ya pale, bondeni, uko mji wa Klisura, na watu wa Klisura walilima mawaridi. Kila mwezi Mei walichuma maua kabla jua halijachoma umande, wakayachemsha katika mitungi mikubwa ya shaba, na mvuke ukapita katika bomba refu la shaba hadi ulipopoa na kuwa marashi na mafuta. Binti mdogo wa Babu alikuwa ameolewa huko. Kijana alikwenda kwa Mama mdogo na nyumbu mmoja na maneno aliyokuwa ameyakariri njia nzima. Hakuyatumia. Alimkuta anaosha mitungi kwa ajili ya msimu, akamwonyesha bomba kwa kidole, akamweleza mkono wa Babu ulivyo.

"Nikikupa hili, mwaka huu sikeneki," Mama mdogo akasema.

"Najua, Mama mdogo."

"Huna unalojua. Hilo bomba ni mahari yangu." Akalifungua mwenyewe kwa nyundo. "Chukua. Mwambie Baba alirudishe likiwa zima."

Hawakuwa peke yao waliokuwa wakitoboa micheri. Katika mji wa Panagyurishte walitengeneza, Klisura kwenyewe walitengeneza, Bratsigovo vilevile. Ivan Vazov, mwandishi mkubwa wa Wabulgaria, aliuingiza mzinga wa namna hiyo katika riwaya yake *Pod igoto*, na tangu hapo hakuna mtoto wa shule nchini humo asiyeujua. Wasomaji wake huucheka na kuulilia katika ukurasa mmoja. Mimi kicheko huwa kinanikwama nikikumbuka vidole vya waliokuwa wakishika utambi.

Kipande cha pili cha gogo kilivaa shaba ya Mama mdogo ndani na pete 10 nje. Babu alikuwa bado anakikausha kwa moshi wa taratibu, akidai wiki tatu zaidi, historia ilipomkatiza. Katikati ya Aprili wajumbe wa kamati walikuwa wamekutana kwa siri Oborishte, msituni karibu na Panagyurishte, wakapanga uasi uanze Mei 1. Mjumbe mmoja aliwasaliti. Ofisa wa Sultani, Nedjib Aga, akaja Koprivshtitsa na askari wake kuwakamata viongozi, na wa kwanza aliyetafutwa alikuwa Todor Kableshkov, mzaliwa wa mji huo, kijana wa miaka 25 aliyewahi kuwa mkuu wa kituo cha reli cha Belovo. Kableshkov hakungoja Mei. Aprili 20 kwa kalenda ya Kanisa lao, ambayo kwetu ingekuwa Mei 2, kengele zililia, nyumba ya serikali ikavamiwa, na kwenye daraja dogo la mawe mwasi Georgi Tihanek akafyatua risasi ya kwanza. Siku hiyohiyo Kableshkov aliandika barua kwa wenzake wa Panagyurishte, na chini yake pakawekwa alama ya msalaba kwa damu ya askari aliyeuawa.

Mzinga ulipelekwa mlimani juu ya mji mchana huo huo. Safari hii Babu aliwasha mwenyewe, na safari hii ulilia.

Jiwe la mizani lilianguka mbali kidogo tu kuliko ambavyo kijana mwenye mkono mzuri angelirusha kwa kombeo. Hakuna aliyejali. Mlio ulikwenda bonde hadi bonde ukarudi, na chini mjini watu walijitokeza madirishani wakipiga kelele kwamba wana mzinga, wana jeshi. Babu aliinama akapapasa mdomo wa shaba. Ulikuwa wa moto, lakini mzima.

Furaha hiyo ilidumu siku sita.

Aprili 26 askari wa kujitolea wa Sultani, wale bashibozuki wasiolipwa mshahara ila nyara, waliingia Klisura wakiongozwa na Tosun Bey. Mji uliteketezwa. Waliosalimika walipanda milima usiku, mvua ikiwanyeshea, watoto migongoni, na Mama mdogo alifika mlangoni kwa Babu akiwa na viatu vya mwanamume. Viatu hivyo vilikuwa vya mumewe. Hakueleza alivipataje na hakuna aliyemuuliza. Siku nne baadaye Panagyurishte nayo ikaanguka, ikichapwa na mizinga ya kweli.

Koprivshtitsa ikabaki peke yake, na matajiri wakazinduka. Walianza kuwakamata waasi wa mji wao wenyewe na kuwafungia, huku wakichangisha dhahabu ya kumpelekea kamanda wa jeshi la Sultani kabla hajafika. Mjomba alikuwa miongoni mwao. Asihukumiwe upesi: alikuwa amemwona dada yake akivua vile viatu. Mtu akishaona hivyo huhesabu nyumba ngapi zinaweza kununuliwa, wala haulizi tena nani alianza.

Nyumba zilipekuliwa. Kijana alipowasikia wapekuzi kwa jirani, alikumbuka picha ya Mtakatifu Nikola. Akaichukua karatasi yake mbio hadi mlimani, ambako mzinga ulikuwa tayari umejazwa baruti na tundu lake limezibwa kwa nta, na akafanya alichodhani ni akili kubwa. Akaiviringisha, akaisukuma ndani ya mdomo wa mzinga, akaifuatiza jiwe la mizani na kizibo kikavu, akashindilia kwa nguvu zake zote.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekata. Babu na mjukuu wake walikuwa bado wamekaa kando ya mzinga Mjomba alipopanda na mkokoteni wa ng'ombe na wanaume wanne.

"Baba, shukeni nyumbani. Huu tunaupeleka kwa kamanda pamoja na dhahabu. Akiuona tumeutoa kwa hiari yetu, ataamini."

Babu alikuwa amechoka. Alitazama barabara ya bondeni, akatikisa kichwa kukubali. "Chukua. Ni gogo tu."

"Hapana!" kijana akapaza sauti, na papo hapo akajutia.

"Hapana kwa nini, mpwa wangu?"

Kijana akamwambia. Alimnong'oneza Mjomba sikioni ili wale wanne wasisikie, jina baada ya jina, na alipofika kwenye mstari wa mwisho uso wa Mjomba ulikuwa umepauka.

"Toa," Mjomba akasema. "Toa sasa hivi."

"Haitoki. Nimeishindilia. Panahitajika skrubu ndefu ya kuvutia, nayo iko karakana."

Kutoka barabarani, nyuma ya kona ya mwisho kabla ya mji, walisikia ngoma. Kisha wakaona ncha za bayoneti.

Mjomba akashika pete ya mbele kwa mikono miwili kana kwamba angeweza kuukamua mti. Mzinga ukipelekwa, kamanda atautapisha, na kila aliyetajwa atanyongwa, akiwamo huyu anayekwenda kumbusu mkono. Ukiwashwa, karatasi itakuwa majivu kabla ya kufika hewani. Lakini mlio wake utafika pale barabarani kwanza, na hakuna dhahabu itakayomshawishi kamanda kwamba mji uliompigia mzinga umesalimu amri.

"Baba," Mjomba akasema. "Tufanyeje?"

Babu hakujibu. Alikuwa amegeuzia sikio lake zima upande wa kichaka, kwa sababu alisikia mtu anapanda, hatua nzito za viatu vilivyompwaya.

Mama mdogo alitokea akiwa na utambi mkononi. Ulikuwa unawaka. Hakumtazama kaka yake wala mpwa wake. Alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya mzinga, akabandua nta kwa ukucha.

"Dada, subiri! Hujui kilichomo!"

"Kilichomo ni shaba yangu," akasema, na mkono wake ukaanza kushuka.

ITAENDELEA